Ndoo ya chenji chini ya kitanda: nianzie wapi?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga mjini. Tangu 2017 kila jioni namwaga chenji ya mkobani kwenye ndoo ya lita kumi iliyo chini ya kitanda. Sasa imefika nusu. Nilipoipeleka kwa muuza mchele kuipima ikaja kilo 23, ukiondoa ndoo yenyewe. Nilijaribu benki, keshia akaniambia nije siku nyingine. Wakala alicheka tu. Mume wangu anasema tuzuilie mlango. Humo ndani kuna hela za zamani za Nyerere na za Mwinyi, shilingi za Kenya, na baisa (sarafu za Oman) alizoniachia shangazi aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Nyingine zimeota kutu. Mtaani wanasema sarafu nazo zitafutwa kama noti, na kuna mtu mtandaoni anasema shilingi tano ya zamani atainunua kwa milioni mbili. Nifanye nini? Samahani naandika haraka haraka, kuna mteja amekuja kuchukua gauni, anadaiwa 3,500, ana noti ya elfu tano, na mimi sina chenji. Anasema atapita kesho.

JIBU: Salama kabisa, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi zile za mwisho nimezisoma mara tatu, nitazifikia. Nilikaa kwenye dirisha la keshia miaka kumi na minne kabla sijafungua duka langu na uwakala, kwa hiyo ndoo kama yako nimeiona nikiwa pande zote mbili za kioo.

Nianze na hilo la kufutwa, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Kilichofutwa ni noti. Benki Kuu ilitoa siku tisini, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, watu warudishe noti za zamani za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya toleo la 2010. Tangazo lile halikugusa sarafu. Nadhani mtaani wamechanganya kwa sababu ya hiyo 500: noti yake iliondoka kwa kuwa nafasi yake ilishachukuliwa na sarafu yenye nyati, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014. Kama kuna noti za zamani zimekunjwa humo ndooni, hizo ndizo zimekwenda na maji. Sarafu zako ni hela, tena hela halali, hata kama wakala amecheka.

Sasa una kiasi gani? Sarafu zetu nne zinazotembea, yaani hamsini, mia, mia mbili na mia tano, kila moja ina uzito unaocheza kwenye gramu nane hadi tisa na nusu. Kilo 23 ni kama sarafu elfu mbili na mia tano hivi. Zingekuwa mia tupu, ungekuwa na laki mbili na nusu. Lakini ndoo ya nyumbani haiwi na mia tupu. Juu juu huwa kuna jero nyingi, yaani za mia tano, kwa sababu tangu noti yake ipotee watu hawana pa kuzikunja, na chini kabisa hulala hamsini. Makisio yangu ni kati ya laki tatu na laki nne. Usimwambie mume wako mpaka uhesabu. Naye alitaka kuzuilia mlango!

Yule keshia aliyekwambia uje siku nyingine usimchukie. Ngoja nikueleze anachokiona yeye. Kila jioni keshia anabalansi: hela iliyo kwenye droo lazima ilingane na kilichoandikwa kwenye mashine. Ikipungua, hiyo ni shoti, na shoti hujazwa kutoka mfukoni mwa keshia. Noti zinapita kwenye mashine ya kuhesabu, laki tano kwa sekunde chache. Sarafu, kwenye matawi mengi niliyofanya kazi, ni vidole. Ukimwaga elfu mbili na mia tano mbele yake, zimechanganyika, nyingine za Kenya, nyingine zenye kutu, huku nyuma yako wamepanga foleni watu ishirini, amepata kazi ya saa moja na shoti ya uhakika. Bado atazipeleka chumba cha hazina, na gari la hazina lizibebe, na hakuna mteja atakayekuja kesho kuomba alipwe mshahara kwa mia mia. Kwa benki sarafu ni mzigo tu.

Nami niliwahi kufanya hivyo hivyo. Mzee mmoja alikuja na mfuko wa salfeti umejaa sarafu, tarehe ya mishahara, nikamwambia arudi kesho. Akarudi, nikamwambia wiki ijayo. Hakurudi tena, na mpaka leo sijui zile hela alizipeleka wapi. Miezi michache baadaye akaja mama muuza chipsi, amebeba trei tatu za mayai amezipandanisha, amezifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikajua ananiletea mayai! Akafungua: kwenye kila kitundu cha trei kuna sarafu kumi za mia, zimesimama kama mnara. Akasema, "Kila kitundu buku, mwanangu, na kila trei elfu thelathini. Chagua kitundu chochote uhesabu." Nikachagua vitano, vyote sawa, na hata nilipohesabu vilivyobaki, kwa ule mpangilio nilimaliza upesi sana. Nikagonga muhuri kwenye karatasi yake ya elfu tisini. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni hata hakuguna.

Mfumo wa yule mama ndio ninaokupa. Trei ya mayai ina vitundu thelathini, na unaipata bure kwa muuza mayai yeyote pale sokoni Mgandini. Kila kitundu kiwe buku, yaani elfu moja. Ukijaza mia, ni sarafu kumi. Mia mbili ni tano. Jero ni mbili tu. Hamsini zinatakiwa ishirini na hazikai vizuri, kwa hiyo hizo weka kumi kumi uhesabu kitundu ni jero. Trei moja isichanganye aina mbili. Chukua Jumamosi moja mchana, tandika khanga kuukuu sakafuni, mwaga ndoo, waite watoto. Kazi ya kwanza ni kuchambua, si kuhesabu: nyati (mia tano) huku, simba wawili (mia mbili) huku, swala (mia) huku, faru na mwanawe (hamsini) kule. Mtoto ambaye bado hajui kusoma anaweza kuchambua kwa mnyama, na ile hamsini yenye kona saba anaikamata hata kwa kupapasa. Kila kisicho na mmoja wa wanyama hao wanne kiwekwe kwenye bakuli pembeni, tutakirudia.

Ukishajaza trei, hamisha vitundu kumi kumi (vya hamsini, ishirini ishirini) kwenye bahasha ya kaki au kipande cha gazeti, viringisha, piga plasta, andika juu kwa kalamu: 10,000. Kiasi hicho nimekichagua kwa makusudi. Mia ni sarafu mia moja, mia mbili ni hamsini, jero ni ishirini, zote zinatoka msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi. Anayetaka chenji hatakuja na noti ya elfu saba. Anakuja na noti nyekundu, anakupa, anaondoka na furushi lake. Zamani tulitumia vifuko vya nailoni, ila tangu marufuku ya Juni 2019 hata kuvipata ni mtihani, na karatasi inatosha.

Kuna watu watakushauri upime kwa mizani badala ya kuhesabu. Mimi siupendi huo mtindo. Sarafu zenye thamani moja zimetolewa miaka tofauti na si lazima zilingane uzito, na iliyokaa na unyevu miaka minane haina uzito iliyozaliwa nao. Mizani itumie kukisia tu, kama ulivyofanya kwa muuza mchele.

Haya, zipelekwe wapi? Watu wengi hukosea hapa, wanazunguka na sarafu kwa watu ambao nao wana sarafu. Muuza kahawa wa kwenye kona, muuza karanga, kijana wa choo cha kulipia stendi, hao hupokea sarafu kutwa nzima. Jioni wana mifuko mizito kama wewe na wanatafuta wa kuwapokea. Ukimpelekea muuza kahawa mia mia za elfu kumi umempelekea samaki mvuvi. Unayemtaka ni yule ambaye wateja wake wanakuja na noti na bei zake zina mkia. Duka la jumla linalouza katoni kwa bei inayoishia na mia tatu hamsini. Duka la dawa, ambako kidonge kimoja kimoja bado kinauzwa hamsini au mia. Kituo cha mafuta wanakojaza bodaboda. Duka la mikate asubuhi. Mama ntilie mwenye sahani ya 2,300 na wateja wa ofisini wenye noti za elfu kumi kumi.

Na konda. Konda wa saa kumi na mbili asubuhi anahitaji sarafu kuliko unavyohitaji kuziuza. Chukua mfano wa Dar, ambako namba nazijua kwa kichwa: nauli ya chini ya daladala ilikuwa 400 kwa miaka mingi, ikawa 500 mwaka 2022, na Desemba 2023 ikafika 600. Ilipokuwa mia tano jero moja ilimaliza kazi. Ilipofika mia sita, kila abiria aliyetoa buku alidai mia nne, yaani sarafu mbili zenye simba wawili, na wanafunzi walitoa mia mbili zao. Mabadiliko ya mia moja tu kwenye nauli yamefanya sarafu za mia na mia mbili ziwe lulu stendi. Ndiyo maana kuna vijana wanaouza chenji, unampa elfu kumi anakurudishia pungufu, na konda anakubali kwa sababu ugomvi na abiria ni ghali zaidi.

Je, na wewe uuze kwa faida? Hapana, na si kwa sababu ya utakatifu. Faida ya mia tano kwa kila msimbazi kwenye ndoo yako yote haizidi elfu ishirini. Ukibadilisha kwa thamani kamili unapata kitu kizuri zaidi: duka la jumla moja na duka la dawa moja watakaokupigia wewe simu. Nenda asubuhi mapema, kabla hawajafungua droo vizuri, na furushi mbili tatu, siyo kumi. Mruhusu afungue moja ahesabu. Akikuta limetimia, mengine atayapokea kwa jina lako.

Angalizo moja tu hapo, na usilidharau: wewe unatoa sarafu ambazo hakuna anayehangaika kuzighushi, na unapokea noti nyekundu ambayo watu wanahangaika. Badilisha mchana, si jioni gizani. Kila noti inyanyue mwangani uone kivuli cha sura ya Mwalimu Nyerere, ipapase usikie ukwaruzo wa uchapaji. Na mtu akikwambia achukue furushi zote halafu atakutumia kwenye simu baadaye kidogo, mwambie na wewe utampa furushi baadaye kidogo.

Jero usihangaike nazo. Nyati ishirini kwenye pochi ni elfu kumi ya matumizi ya wiki: mkate, nazi, vocha, bajaji. Hakuna anayekataa jero. Hamsini ndizo zenye kisirani. Wapo wenye maduka wanaozikataa waziwazi, jambo ambalo hawana haki nalo, lakini wewe huna muda wa kufundisha sheria dukani. Zipeleke duka la dawa, ndilo kimbilio lao. Na tafadhali usifanye wanachofanya wengi, kuzitupia zote kwenye kapu la sadaka. Mweka hazina wa kanisa au msikiti ni binadamu, jioni anakaa na rundo la faru lisilofika elfu kumi, na kesho yake keshia anamwambia aje siku nyingine.

Kama unataka benki kwa vyovyote, inawezekana. Piga simu au pita uulize kwanza mambo mawili: kama wanakata ada ya kuhesabu sarafu, maana benki nyingine zinakata, na siku gani wana nafasi. Epuka Jumatatu na wiki ya mishahara. Jumatano au Alhamisi ya katikati ya mwezi, saa nne asubuhi, trei tatu kwa mara moja. Ukikataliwa na trei mkononi, muulize kwa upole mkuu wa makeshia. Nimeona mara nyingi mlango ukifunguka hapo. Habari ya kupanda basi kupeleka sarafu Benki Kuu iache. Matawi yake ya karibu na wewe kwa basi ni Arusha na Dar es Salaam, nauli itakula swala na simba wote.

Zenye kutu: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza, anika juani juu ya khanga, basi. Hewa ya bahari ya Tanga na sakafu ya saruji vimefanya kazi yake, kwa sababu nyingi ya sarafu hizi ni chuma kilichopakwa madini mengine juu, na ngozi hiyo ikitoboka chuma kinaanza kuoza. Usisugue kwa limau na mchanga wala kwa steliwaya. Unaimalizia ngozi. Iliyooza mpaka mnyama haonekani itenge, usiichomeke katikati ya furushi kwa ujanja. Furushi moja likikutwa na uchafu, jina lako linakwenda nalo.

Sasa lile bakuli la pembeni, ambalo nakiri ndilo ninalolipenda.

Shilingi tano ya zamani yenye kona kumi, ile ya Mwalimu, ndiyo "dala" yenyewe. Wazee wa Dar watakwambia nauli ya vibasi ilipokuwa shilingi tano, makonda walikuwa wakiita "dala, dala," na jina likaganda mpaka leo. Shilingi moja ina mkono ulioshika Mwenge. Senti hamsini ina sungura, senti ishirini mbuni, senti tano samaki. Hizo ni za ukoo ulioanza mwaka 1966, Benki Kuu ilipofungua milango na shilingi yetu ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Ukikuta senti yenye tundu katikati, hiyo ni ya kabla ya hapo, mara nyingi ya wakati wa mkoloni. Watoto wako waonyeshe. Waambie pia kwamba hata neno "hela" lilitoka kwenye sarafu: Wajerumani walipogawa rupia yao kuwa heller mia moja mwaka 1904, watu wa pwani wakalifanya lao, na heller ilipokufa neno likabaki.

Lakini milioni mbili? Huyo mtu anakuvua. Shilingi tano zile zilitengenezwa kwa wingi, zimejaa kwenye makabati ya nyumba zetu, na wakusanyaji wa sarafu wanazinunua kwa hela ndogo kama ziko safi, na hawazitaki kabisa kama zimesuguliwa. Mchezo wake naujua. Atakuomba picha, atasifu, atapanda bei mwenyewe mpaka moyo ukudunde, kisha atasema kuna ada kidogo ya usajili au ya kibali, utume kwanza. Hapo ndipo biashara yake ilipo. Mnunuzi wa kweli hakuombi utume hata shilingi.

Zipo sarafu za nchi hii zenye thamani ya kweli. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na Waingereza na hawaletewi kitu kutoka Ulaya, walitengeneza hela Tabora kwenye karakana ya reli. Waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, dhahabu yenyewe ikitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Zilikuwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Ukiikuta hiyo kwenye ndoo, niandikie tena kabla hujamwambia mtu. Ila wakati huo huo waligonga pia heller za shaba nyingi sana, na hizo ndizo matapeli wanazoziita "dhahabu ya Mjerumani". Rangi ya njano isikudanganye.

Kwa zako, chagua moja moja nzuri ya kila aina, weka kwenye chupa ya kioo sebuleni. Zilizobaki, jumlisha kwanza kabla hujahangaika: shilingi kumi sitini ni mia sita, yaani nauli ya daladala moja ya Dar ya Desemba 2023.

Za Kenya ziko kwenye bahati, kwa sababu uko Tanga. Mpe mtu anayepita Horohoro kwenda Mombasa, au dereva wa basi wa njia hiyo. Zenye ndovu ni shilingi 20, simba 10, kifaru 5, twiga moja. Hilo ni toleo la Desemba 2018, na zilizo na sura za marais ni za kabla yake. Hesabu uone, kwa maana ndovu kumi ni mia mbili za Kenya, na hiyo kwa hela yetu ni elfu kadhaa, si ya kutupa. Ukikuta moja imeandikwa 40, usidhani ni bandia. Walitoa sarafu ya shilingi 40 mwaka 2003 kwa miaka arobaini ya uhuru wao. Hiyo mimi ningebaki nayo.

Baisa hakuna duka la fedha za kigeni litakalozipokea. Wanachukua noti tu, za Oman au za kwingine kokote. Riali moja ni baisa elfu moja, na riali imefungwa kwenye dola, riali moja ni dola mbili na senti sitini. Kwa hiyo hata ukiwa na sarafu thelathini za baisa 50, hiyo ni riali moja na nusu, haifiki dola nne. Mtaani kwenu hakosi binti anayerudi Muscat. Mpe zote akanywe chai ya karaki, naye atakushukuru kwa sababu siku ya kwanza pale hakuna anayekuwa na chenji.

Ukimaliza yote haya utakuwa na noti za laki tatu na kitu. Za nini, unajua mwenyewe. Fundi hakosi mashine anayoiwazia. Mimi nakuomba tu zisirudi chini ya kitanda. Mfumuko wa bei wetu miaka hii ni mdogo, unacheza kwenye asilimia tatu au nne kwa mwaka, hausikiki. Lakini mia nne uliyotupia ndooni 2017 ilikuwa safari nzima ya daladala kule Dar, na leo haimfikishi mtu. Ziweke kwenye simu, kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa kama mnaaminiana, au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kama huna haja nazo karibuni. Kuweka kwa wakala hakukatwi, na akiona noti hatacheka.

Ndoo yenyewe irudishe kwenye kazi ya ndoo. Sarafu hazihitaji kibubu, kibubu ni cha noti. Tafuta kopo dogo la maziwa, lisilo na kifuniko, lisilozidi ukubwa wa ngumi mbili, lisikae chumbani. Liweke kwenye meza ya cherehani, pembeni ya sindano na chaki. Likijaa limejaa, Ijumaa unaliondolea jero tu; mia na mia mbili zinabaki humo, wiki inaanza.

Maana huyo mteja wa gauni nimemfikiria sana. Anadaiwa 3,500, ana noti ya elfu tano. Chenji yake ni nyati watatu, na kwa hesabu yangu wamelala juu kabisa ya ndoo, hatua sita kutoka ulipokuwa umekaa ukiniandikia. Kama hajafika mbali, mtume mtoto amwite.